Kesi ya kughushi: mwongozo kamili kwa mshtakiwa, familia yake, na aliyeghushiwa saini

Dada mmoja alinikuta kwenye benchi nje ya mahakama ya wilaya, ameshika hati ya mashtaka ya mdogo wake, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Mdogo wangu hajui hata kuwasha kompyuta," akaniambia, "hicho cheti angekifoji vipi?" Nilimwamini. Lakini nilipoikunjua ile karatasi, kosa la kwanza lilikuwa kughushi, na la pili, mistari michache chini yake, lilikuwa kuwasilisha nyaraka za uongo. Kwenye hilo la pili hakuna anayeuliza kama unajua kuwasha kompyuta. Swali ni moja: ulipoikabidhi ile karatasi, ulijua?

Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria nimeona watu wengi wakijitetea kwa nguvu zote dhidi ya kosa ambalo wala halikuwa na ushahidi, huku lile linalowafunga wameliacha wazi. Ndiyo maana nimeandika haya. Natumia sheria ya Tanzania Bara, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa hesabu ya vifungu ya Toleo la 2022. Zanzibar ina sheria yake. Kenya nitaigusa pale inapofanana na pale inapoachana na sisi. Namba za vifungu hubadilika sheria zinapofanyiwa marekebisho, kwa hiyo kila mara soma namba iliyoandikwa kwenye hati yako ya mashtaka na uifananishe na sheria inayotumika siku hiyo. Na haya yote hayachukui nafasi ya wakili aliyeketi na jalada lako mbele yake.

Kwanza, elewa neno lenyewe

Kifungu cha 333 kinasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Sentensi ni fupi lakini imebeba mambo matatu: hati iwe ya uongo, wewe uwe ndiye uliyeitengeneza, na nia iwepo. Likikosekana moja, kosa la kughushi halijatimia.

Hati ya uongo ni ipi? Hapa watu wengi hukosea, na nimesikia hata maaskari wakilichanganya. Hati ya uongo siyo hati yenye maneno ya uongo ndani yake. Ni hati inayodanganya kuhusu yenyewe: imetoka kwa nani, lini, na kwa idhini gani. Daktari halisi wa hospitali halisi akikuandikia mapumziko ya siku saba ilhali huumwi, karatasi ile ina uongo, lakini haijaghushiwa. Inasema imetoka kwa daktari fulani, na kweli imetoka kwake. Anaweza kuwa na kosa jingine, pengine la rushwa, ila si hili. Sasa chukua karatasi ileile, uandike mwenyewe na uweke jina la daktari na mhuri uliochongesha mtaani. Hata kama kweli ulikuwa unaumwa malaria siku hiyo, umetengeneza hati ya uongo.

Kifungu cha 335 kinaorodhesha njia zenyewe. Kutengeneza hati inayojifanya kitu ambacho siyo. Kubadili hati halali bila idhini, kwa namna inayobadili maana yake: kufuta sifuri au kuiongeza, kugeuza mwaka wa kuzaliwa, kupandisha D kuwa B. Kuingiza jambo kwenye hati wakati inaandikwa, bila ruhusa. Na kusaini: kwa jina la mtu asiyekuruhusu, kwa jina la mtu wa kubuni, au kwa jina linalokusudiwa lidhaniwe ni la mwingine. Ona kwamba jina linaweza kuwa hata lako mwenyewe. Kama unaitwa Juma Hamisi na ukasaini ukitaka benki iamini kwamba wewe ndiye Juma Hamisi yule mwingine mwenye akaunti, uko ndani ya kifungu.

Neno linalookoa wengi ni idhini. Karani anayesaini barua kwa niaba ya bosi wake kwa ruhusa yake hajaghushi kitu. Shida ni kwamba ruhusa ya mdomo husahaulika haraka mambo yakiharibika. Kama kazini kwako kuna mazoea ya kusainiana, omba ruhusa hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na uuhifadhi.

Halafu nia. Kifungu cha 336 ni kikali kuliko watu wanavyodhani, na hapa naomba usome taratibu. Sheria inachukulia kwamba nia ya kulaghai ilikuwepo ikiwa, wakati hati inatengenezwa, palikuwa na mtu mahususi, anayejulikana au asiyejulikana, ambaye angeweza kulaghaiwa kwa hati hiyo. Na dhana hiyo haiondoki kwa kusema kwamba ulichukua hatua ili mtu huyo asiumie. Haiondoki pia kwa kusema kwamba ulikuwa na haki, au uliamini una haki, ya kupata kile ulichokuwa unakitafuta.

Sentensi hiyo ya mwisho imevunja familia nyingi. Baba anafariki, ana kiwanja na akiba kidogo benki. Mtoto mkubwa, aliyemuuguza mzee mpaka siku ya mwisho, anaona kwenda kufungua mirathi ni mzunguko. Anasaini fomu ya kutoa fedha kwa jina la baba, au anaandaa mkataba wa mauziano wenye tarehe ya nyuma na dole gumba lisilo la marehemu. Moyoni anasema, "Ni mali yetu, namwibia nani?" Sheria haimwulizi kama mali ilikuwa yao. Njia yake ilikuwa kikao cha ukoo, muhtasari wake, cheti cha kifo, kisha mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Ni wiki kadhaa za kwenda na kurudi, na zinachosha, najua. Nimekaa na mama aliyewapoteza wote wawili, mume kaburini na kijana gerezani, kwa kiwanja ambacho kingekuwa chao bila ubishi.

Makosa yanayofuatana nalo

Ni nadra kukuta kughushi peke yake kwenye hati ya mashtaka. Kosa pacha lake ni kuwasilisha nyaraka za uongo, kifungu cha 342. Kuwasilisha ni kuitumia hati, kujaribu kuitumia, au kumshawishi mtu aitumie au aichukulie kuwa ya kweli. Si lazima ufanikiwe. Ukiipitisha dirishani na karani akaikataa palepale, tayari umewasilisha. Adhabu yake ni ileile ya aliyeghushi hati ya aina hiyo. Lakini upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulijua ni ya uongo, na kwamba uliitumia kwa ulaghai.

Kisha huja kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kula njama, na kujifanya mtu mwingine. Kama ni mtumishi aliyempelekea mwajiri hati za uongo, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huweza kumshtaki kwa kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, kosa lililomo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kama hati ilitengenezwa au kubadilishwa kwa kompyuta, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa lake la kughushi. Na fedha zikiwa nyingi, kuna shtaka la utakatishaji fedha, yaani kuficha chanzo cha fedha haramu, ambalo tutalirudia kwenye dhamana kwa sababu hapo ndipo linapouma.

Adhabu ni kiasi gani

Adhabu ya jumla ya kughushi, kifungu cha 337, ni kifungo kisichozidi miaka 7. Hati za mahakama na za serikali zimetajwa peke yake katika kifungu cha 339, nazo pia ni miaka 7. Lakini kifungu cha 338 kinataja hati ambazo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha: wosia, hati ya umiliki wa ardhi, kumbukumbu za mahakama, hati ya uwakilishi, noti, hundi, bima na nyinginezo za aina hiyo. Kijana aliyebadili hati ya kiwanja yuko hatarini kuliko aliyebadili cheti cha kidato cha nne, ingawa mtaani vyeti ndivyo vinavyopigiwa kelele.

Kenya tafsiri ya kosa ni ileile, kifungu cha 345, lakini adhabu ya jumla katika kifungu cha 349 ni miaka 3. Kwa hati za mahakama na za serikali ni miaka 7, kifungu cha 351, na kwa wosia au hati ya ardhi ni hadi maisha, kifungu cha 350. Kuwasilisha ni kifungu cha 353, na adhabu inafuata aina ya hati vilevile.

Hivyo ni vikomo vya juu. Hakimu anaweza kutoa kifungo kifupi zaidi, au faini badala ya kifungo au pamoja nacho. Kifungo kikiwa cha miaka 3 au chini yake, sheria ya huduma kwa jamii inampa nafasi ya kukugeuzia kifungo cha nje. Haya huombwa. Hayaji yenyewe.

Hatua ya kwanza: simu ya mpelelezi

Mara nyingi huanza kwa upole. "Njoo kituoni utusaidie maelezo kidogo." Uende. Kukimbia kutakuja kukugharimu kwenye dhamana. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, fanya mambo mawili: mwambie ndugu au wakili unakwenda kituo gani na kwa nani, na usiguse karatasi yoyote. Usichome, usichane, usifute ujumbe kwenye simu. Kuharibu ushahidi ni kosa linalojitegemea, na mtu ambaye pengine angeshinda kesi ya kughushi hufungwa kwa hilo.

Ukifika, uliza: mimi ni shahidi au mtuhumiwa? Kama ni mtuhumiwa, una haki ya kuambiwa tuhuma, ya kutosema kitu, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa na polisi baada ya kumwonya kuhusu haki zake, yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Andika saa uliyokamatwa. Hata kwenye kiganja.

Kwenye maelezo hayo ndipo kesi nyingi za kughushi huamuliwa, miezi mingi kabla ya hakimu kuliona jalada. Mtu anafikiri anajitetea: "Sikutengeneza mimi, nilimpa kishoka laki mbili pale stendi akanitengenezea." Ameshakwisha. Amekanusha kughushi na papo hapo amekiri kwamba alijua cheti hakikutoka Baraza la Mitihani, yaani amejifungia kosa la kuwasilisha kwa mdomo wake. Kama huna wakili karibu, kusema "nitatoa maelezo yangu mahakamani" ni haki yako kamili, na si dalili ya hatia.

Ukiamua kusema, sema kweli, kwa ufupi, na soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Palipoandikwa usichokisema, omba pasahihishwe. Kama ulipigwa au kutishwa, mwambie wakili wako mapema: pingamizi dhidi ya maelezo hayo huwekwa pale pale yanapotolewa mahakamani kama kielelezo, na hakimu atalisikiliza kwanza jambo hilo peke yake. Ukingoja mpaka zamu yako ya utetezi, umechelewa.

Na usimtume mtu "kuliweka sawa" jalada. Utaongeza kesi ya rushwa juu ya ya kughushi, na huyo mliyemtuma anaweza kuwa shahidi.

Sampuli za saini

Polisi wanaweza kisheria kuchukua sampuli ya mwandiko wako. Utapewa karatasi nyeupe, utasaini mara nyingi, utaandika majina na tarakimu. Karatasi hizo, pamoja na hati inayobishaniwa na saini zako za zamani, hupelekwa kwa mtaalamu wa maandishi wa jeshi la polisi. Anachoangalia siyo umbo la herufi tu. Anaangalia kalamu ilikandamiza wapi, iliinuliwa wapi, mstari ulianzia upande gani, herufi zimeachana kwa uwiano gani. Mtu anayeiga saini huenda polepole, na mstari wake hutetemeka mahali ambapo mwenye saini hupita kwa kasi bila kufikiri. Mambo mengi ya aina hii hupotea kwenye fotokopi, ndiyo maana hati halisi ina uzito sana. Kama mtaalamu alichunguza fotokopi tupu, wakili wako alijue hilo mapema.

Saini kama unavyosaini siku zote. Kujaribu kuharibu mwandiko kwa makusudi huonekana, na huandikwa kwenye ripoti. Ripoti yenyewe ni maoni tu, nayo haimfungi hakimu. Anaipima pamoja na ushahidi mwingine wote. Mtu anayeifahamu saini yako kwa kuiona miaka mingi, kama mhasibu wa ofisini, naye anaruhusiwa kutoa ushahidi juu yake.

Dhamana

Kughushi kuna dhamana. Sheria inataka mtuhumiwa aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana aachiwe kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kosa likionekana zito. Dhamana ya polisi hailipiwi. Atakayekuomba "hela ya fomu" anaomba rushwa.

Mahakamani andaa wadhamini kabla hujaitwa: wawili, wenye vitambulisho vya NIDA na barua za serikali ya mtaa zenye mhuri, na wanaokaa mahali panapofikika. Hakikisha barua hizo ni za kweli. Nimemwona mdhamini akiondoka mahakamani kwa pingu kwa sababu barua ya mtaa aliichapisha mwenyewe.

Kiasi cha fedha kinachotajwa kwenye shtaka ndicho hubadilisha mambo. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimekuwa kikitaka, pale fedha au mali inapozidi shilingi milioni 10, mshtakiwa aweke nusu yake, taslimu au mali ya thamani hiyo, na iliyobaki iwekewe bondi. Shtaka la milioni 40 linamaanisha kutafuta milioni 20 au hati ya nyumba yenye thamani hiyo. Familia zianze kutafuta mthamini mapema. Na shtaka la utakatishaji fedha likiongezwa, kwa kawaida mlango wa dhamana hufungwa kabisa. Wakili wako aliangalie shtaka hilo kabla ya lingine lolote: je, maelezo ya kosa yanaonyesha kweli fedha zilizofichwa chanzo chake, au limebandikwa tu?

Siku ya kusomewa shtaka

Siku hii ni fupi na ya hatari. Karani anasoma, hakimu anauliza, "Ni kweli au si kweli?" Mtu amechoka, hajalala, anataka kwenda nyumbani. Anasema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini..." Kabla "lakini" haijafika mwisho, maelezo ya kosa yanasomwa, anaulizwa tena, anaitikia, anatiwa hatiani. Kwa kifungu cha 360 cha sheria hiyo ya mwenendo wa jinai, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Kuna mlango mdogo pale kukiri kwenyewe kulipokuwa na utata, lakini usiufanye kuwa mpango wako.

Kama kuna "lakini" yoyote kichwani, jibu ni "si kweli". Kila shtaka lijibu peke yake. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, basi usiitikie neno ambalo hujalielewa. Omba lirudiwe.

Kukiri kwa mpango ni jambo tofauti kabisa. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa: wakili wako anakaa na mwendesha mashtaka, mnakubaliana shtaka lipi liondolewe, fedha zirudishwe vipi, na mahakama inayasajili. Kwa mtu ambaye ushahidi dhidi yake hauna tundu, hii mara nyingi ndiyo njia ya heshima zaidi, na sioni aibu kumshauri mtu aifuate. Isipokuwa asiifuate kwa sababu ya kuchoka mahabusu.

Kesi yenyewe: tazama tundu liko wapi

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka yenye mashiko. Wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba huna hatia. Chukua kesi ya cheti cha kidato cha nne, maana ndiyo ya kila siku. Shahidi kutoka Baraza la Mitihani atakuja na kumbukumbu. Namba ya mtahiniwa ina herufi, namba ya kituo, mkwaju, kisha namba ya mtu. Atafungua orodha ya mwaka huo na kuonyesha kwamba namba iliyo kwenye cheti cha mshtakiwa mwanamume ilikuwa ya msichana wa shule nyingine. Hapo hati imeshakuwa ya uongo, na kubishana na hilo ni kupoteza muda.

Swali linalobaki: nani aliitengeneza? Kukutwa na hati ya uongo peke yake si ushahidi kwamba uliighushi. Nani alikuona? Kifaa gani kilikamatwa? Mara nyingi hakuna, na kosa la kughushi huanguka. Kisha kuwasilisha: nani alikipokea cheti, kwa kumbukumbu ipi? Afisa utumishi atatoa jalada lenye fomu ya taarifa binafsi yenye saini yako na cheti nyuma yake. Je, cheti kiliingizwa na wewe, au kilikutwa tu ndani ya jalada? Na ulijua? Kwa cheti chako mwenyewe cha mtihani ambao hukuufanya, ni vigumu mno kusema hukujua. Kwa hati ya kiwanja uliyopewa na dalali, uliyoilipia bei ya soko, ukaipeleka mwenyewe ardhi kufanyiwa upekuzi, kutojua kunaaminika. Mtu anayejua hati ni feki haipeleki kwa msajili. Tunza risiti za upekuzi, mkataba, kumbukumbu za malipo ya benki, hata meseji za dalali.

Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ikiwepo, unaweza kujitetea kwa kiapo, bila kiapo, au kukaa kimya, na kuita mashahidi. Usipompata wakili kwa kukosa fedha, ulizia watoa msaada wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri na magereza yenyewe hujua waliko. Ukiwa na intaneti, hukumu za kesi kama yako zinasomeka bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania.

Baada ya kutiwa hatiani

Hakimu atakupa nafasi ya kusema kabla ya adhabu. Usiombe huruma kwa jumla. Taja vitu: ni kosa la kwanza, umekaa mahabusu muda gani, umerudisha kiasi gani na risiti hii hapa, nani anakutegemea na anaumwa nini. Kama ni makosa kadhaa, omba vifungo viende sambamba. Vitatu vya miaka mitatu vikienda sambamba unatumikia mitatu. Vikifuatana ni tisa. Mahakama pia inaweza kuamuru umlipe fidia aliyeathirika.

Nje ya gereza mambo yanaendelea. Kazi inaondoka, hata bila kesi ya jinai. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki yenye majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wakapewa hadi katikati ya Mei kuondoka wenyewe au kushtakiwa. Walikuwemo wauguzi na walimu waliofanya kazi kwa uaminifu miaka ishirini juu ya karatasi moja ya uongo. Ilichukua mpaka 2022 kwa serikali kuamua warudishiwe michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi. Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza Februari 2024 kwamba ukaguzi umebaini vyeti 2,067 vya kughushi, na huko EACC, tume ya maadili na kupambana na rushwa, huwafuata wahusika kwa kesi za kudai mishahara yote waliyolipwa. Hata siasa inaguswa: ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inataja utovu wa uaminifu miongoni mwa yanayomzuia mtu ubunge.

Rufaa ina tarehe kali. Kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Omba nakala hizo kwa barua siku ileile. Aliye gerezani huandika na kukabidhi kwa mkuu wa gereza, na familia imkumbushe ahakikishe tarehe ya kupokelewa imeandikwa.

Ikiwa wewe ndiye uliyeghushiwa

Umekwenda benki ukaambiwa una mkopo, au umekuta kiwanja chako kina jina lingine. Usianze kwa kumpigia simu unayemshuku. Anza na ofisi iliyoipokea hati: omba kwa barua nakala ya kila kilichowasilishwa, na tarehe. Nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uende na saini zako za kipindi hichohicho, za hundi, mikataba, kadi ya kliniki, chochote chenye tarehe. Kama ni ardhi, fungua zuio kwa Msajili wa Hati siku hiyohiyo, kabla kiwanja hakijauzwa kwa mtu wa tatu. Kwa cheti cha kuzaliwa au kifo uhakiki hufanyika RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa kampuni ni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni.

Usingoje kesi ya jinai imalizike ndipo udai mali. Mshtakiwa kufungwa hakurudishi jina lako kwenye hati. Kwa kawaida utahitaji amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakama. Huko nako kuna kizingiti: tangu hukumu ya Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji ya 1957, mahakama zetu hutaka anayedai ulaghai athibitishe zaidi ya mizani ya kawaida ya madai, ingawa si mpaka kiwango cha jinai. Kusema "hii si saini yangu" na kukaa hakutoshi. Omba baraza liagize uchunguzi wa maandishi, umwite aliyetajwa kama shahidi wa mkataba, na umwite wakili ambaye mhuri wake umegongwa pale chini. Mkataba ukisema ulisaini mbele yake Jumanne fulani, mwulize siku hiyo alimwona nani, na wewe uwe na tiketi ya basi au kadi ya hospitali inayoonyesha ulikuwa wapi.